Wamenitoa kwenye hoki mimi niliyewafundisha hoki

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana likitoka tu, hapa Stockholm simu hazitalala. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa Kigoma, na bila kujisifu ndiye niliyewaletea Waswahili wa mji huu mchezo wa hoki ya barafu. Kabla yangu walikuwa wakiona watu wenye magongo wanateleza, wanabadilisha chaneli. Mimi ndiye niliyewakalisha chini nikawaeleza kwa nini wanapigana refa akitazama tu, na kwa nini mwenye kosa anafungiwa kibandani dakika mbili halafu anarudi kucheza. Kuna kocha mmoja wa ligi kuu aliwahi kupanda treni moja na mimi kutoka Kista, nikamwambia abadilishe safu yake ya mbele. Wiki iliyofuata akabadilisha. Sisemi ni mimi. Nasema akabadilisha.

Kazini nashika funguo za jengo zima la makompyuta. Wenye suti wakishatoka, jengo ni langu na ndoo zangu. Nyumbani niko peke yangu. Mama watoto aliondoka, na watoto nikiwapigia wananijibu Kiswidi, "bra, pappa," yaani nzuri, baba, basi, simu imekwisha. Kwa hiyo Kiswahili changu chote cha wiki nilikuwa nakimalizia kwenye chumba cha chama chetu mtaa wa Hjulsta, siku za mechi, tukitazama kwenye televisheni. Mama Furaha wa Uvira anachemsha chai, Mugisho wa Bukavu, dereva wa basi, anabishana na kila mtu, Waganda na Wakenya wanajaza viti, na kile kiti cha mbele ni changu, hakuna aliyethubutu kukikalia. Wakongo waliniita Vieux, yaani Mzee kwa Kifaransa, kwa heshima. Kidude chao cheusi kikiingia golini wote walinigeukia mimi kwanza, niseme kama ni bao halali.

Msimu huu timu yetu tunayoishabikia imeoza. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa na timu ambayo jina lake hata Waswidi hawalijui. Watu wakaanza kusema tunashuka daraja. Siku moja mafua yakanilaza, nikasikia tumeshinda. Nikapona, nikaenda, tukapigwa mpaka kipa akabadilishwa katikati ya mchezo. Nikapangiwa zamu kazini siku ya mechi, tukashinda tena. Mimi sikuona kitu hapo, lakini Mugisho akaona. Mechi iliyofuata, kabla sijavua koti, akasimama mbele ya kiti changu.

"Vieux," akasema, "wewe hauko mtu. Uko mkosi yenye miguu."

Nikacheka. Nikawasimulia jinsi kule Kigoma nilivyoingia uwanjani timu yetu ikiwa nyuma mabao matatu, na kwa kuniona tu ikarudisha yote na kuongeza. Hadithi hiyo huwa inawaua kwa kicheko. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mugisho akasema wanaotaka mzee apumzike wanyooshe mikono, na mikono ikapanda, hata ya wale niliowafundisha jinsi ya kuvaa kwa baridi ya nchi hii. Mama Furaha alinyoosha wa mwisho, mkono mwingine umeshika chupa ya chai.

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Nikamwambia, "Mama Furaha, kwenye hoki hata aliyemvunja mwenzake meno anakaa kibandani, halafu anarudi. Mimi dakika zangu ni ngapi?"

Akatazama viatu vya watu pale chini. "Mpaka timu ipone, kaka. Usinichukie."

Ndugu zangu, tangu siku ile timu haijafungwa. Juzi nimepanda basi, dereva ni Mugisho, akanishukuru mbele ya abiria wote kwa kutokuja. Waswidi wakatabasamu, wakidhani tunasalimiana.

Sasa Jumamosi ni mechi ya mwisho, na tukishinda tunabaki ligi kuu. Mama Furaha amenipigia kuniomba hata Hjulsta nisionekane, niende Vårby gård, upande wa pili wa mji, kwa jamaa zangu nikalale huko. Nilipombana akakiri kwamba wameshakubaliana: tukishinda, nisirudi hata msimu ujao. Kiti wameshampa Mkenya mmoja. Kwa hiyo timu ikipona, mimi nimekwisha. Na ikishuka, watasema nilinyemelea.

Na kweli nilinyemelea. Hili hajui mtu. Mechi zote walizoshinda tangu wanitoe mimi nilikuwepo, nje, kwenye theluji, pale wanapofungia baiskeli. Dirisha la chumba liko chini na pazia halifungi vizuri. Nilisimama kipindi cha kwanza mpaka cha tatu, na vidole viwili vya mguu wa kushoto mpaka leo havina habari. Mkosi gani huo unaoshinda mechi zote? Nikiingia Jumamosi nikasema hivyo, Mugisho atakosa la kujibu. Lakini watajua pia kwamba mimi, mwenye kiti cha mbele, nilisimama dirishani kama paka anayenusa samaki wa jirani. Nikishasema hivyo, nani ataniita Vieux tena?

Ninyi mlio wengi humu, naomba akili zenu. Niingie niseme, au nipande treni ya Vårby gård ninyamaze? Matusi mpelekeeni Mugisho, ushauri nileteeni mimi.

Ila kabla hamjanijibu kuna kitu kidogo, maana najua Mugisho ataniuliza bao la mwisho lilifungwaje. Televisheni yetu ni ile ya kichogo, na kichogo ndicho kimeelekea dirishani. Sijaona hata bao moja. Nilikuwa naona nyuso zao tu.