Skonzi Zenye Harufu ya Kibuyu

Saa kumi na moja alfajiri Bénédicte Mukeshimana amekwisha kupanga makaa jikoni, lakini hayawashi. Anasubiri kibuyu kwanza.

Upande wa pili wa ukuta wa udongo, mama yake mzazi, bibi Mukandoli mwenye miaka sabini na minne, ameketi mkekani na kibuyu kikubwa mapajani. Anakisukasuka taratibu, mbele na nyuma, na maziwa yaliyoganda yanapiga kelele ndani. Sauti ikiwa nzito, siagi imejitenga. Hapo bibi hukohoa, mara moja tu.

“Kile kikohozi ndiyo ruhusa yangu,” anasema Bénédicte huku akicheka na kuwasha kiberiti. “Asipokohoa, leo Mbarara banakunywa chai kavu!”

Hatanii sana. Kila siku ya kazi, skonzi sitini hutoka katika nyumba hii ya vyumba viwili kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Saa tatu hupanda teksi ya Néhémie, na saa kumi jioni huwa mezani katika mgahawa mmoja wa Kamukuzi, mjini Mbarara, karibu na ofisi za serikali. Kufikia saa kumi na nusu zimebaki sahani.

Bénédicte hana oveni. Ana sufuria nzito yenye mchanga kidogo ndani, makaa chini yake na makaa mengine juu ya mfuniko. Unga wa ngano, baking poda, sukari, chumvi kidogo na mafuta ya kimbo huvichanganya kwa ncha za vidole tu.

“Ukikanda kama chapati, inakasirika,” anaeleza. “Unaishika kama mtoto mwenye kulala.”

Kazi hiyo alijifunza Nyamityobora, mjini Mbarara, alikofanya kazi za ndani miaka mitatu kwa mwalimu mstaafu ambaye chai ya saa kumi kwake ilikuwa kama sala. Mshahara wake hakuugusa. Aliporudi Nakivale alimnunulia mama yake ng’ombe mmoja mwekundu, wakamwita Gaju.

Kuelewa Gaju ni nani humu ndani, sharti umsikilize bibi. Walipokimbia vita kutoka milima ya Minembwe, Kivu ya Kusini, waliacha nyuma ng’ombe arobaini na wawili. Bibi huwataja wote kwa majina hadi leo, na ukimkatiza huanza upya. Kwa hiyo Gaju si ng’ombe tu. Ni ukoo mzima uliobaki.

Na Gaju alikuja na sharti. Maziwa yake yasiingie motoni.

“Maziwa ni ya kunywa,” anasema bibi, bila kupandisha sauti. “Ukiyaweka kwa moto, kiwele ya ng’ombe inakauka. Nilizaliwa nikakuta vile.”

Basi kwa miezi minane Bénédicte alikanda kwa maji. Matokeo yake, majirani walizipachika skonzi jina la kokoto. Jovia Kyomuhangi, mwenye mgahawa wa Kamukuzi, alichukua chache kila wiki, na anakiri bila haya kwamba ilikuwa huruma.

“Nilikuwa naambia wateja, nyabo, chovya kwanza,” anasema Kyomuhangi. “Bila kuchovya, jino inaenda.”

Kisha ikaja Jumanne moja ya mwezi wa tatu. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu jana yake, unga ulikuwa umeshapimwa, na bibi alikuwa kwenye maombi ya asubuhi. Kwenye kona kulikuwa na bakuli la amacunda, yaani maziwa yanayobaki siagi ikishatolewa, ambayo bibi huwapa watoto wa jirani.

“Nikaangalia ile bakuli. Bakuli nayo ikaniangalia,” anakumbuka Bénédicte. “Nikasema, bon, Mungu ataelewa. Mama ndiye sikujua.”

Alipofunua sufuria, skonzi zilikuwa zimeumuka na kupasuka kati, laini kama shavu la mtoto. Alizifunga haraka, akampa Néhémie, akafungua dirisha harufu itoke. Jioni ile simu ikalia. Alikuwa Kyomuhangi.

“Banange, Bénédicte! Umeweka nini? Hii inanukia kama kibuyu ya mama yangu! Mzee mmoja wa ofisi ya ardhi amekula nne, karibu alie. Kuanzia Jumatano ijayo leta sitini kila siku. Lakini hii hii! Ile ya zamani baki nayo.”

Siri ilikuwa moshi. Wafugaji wa Minembwe, sawa na wafugaji wa Ankole huku Mbarara, hufukiza vibuyu vya maziwa kwa nyasi zenye harufu nzuri. Harufu ile, mtu aliyekulia kwenye zizi hata umvalishe tai hawezi kuisahau.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu la Bénédicte halikuvunjika, ila usingizi ulimpaa. Usiku uleule alipiga magoti mbele ya mama yake, akasema yote. Kazi ya kwanza ya maana maishani mwake ilikuwa imesimama juu ya tendo ambalo mama alilikataza.

Bibi hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alisema tu, “Ngojea siku saba. Gaju mwenyewe ataongea.”

Kwa siku saba bibi alikamua kwa kopo lilelile, akiangalia alama ileile aliyoichora kwa makaa. Kwa siku saba Bénédicte alisimama mlangoni, moyo mkononi, akinyoosha shingo kuona povu limefika wapi. Halikupungua hata tone.

Asubuhi ya nane, Jumatano yenyewe, bibi aliweka kopo chini.

“Ng’ombe haikukasirika,” alisema. “Mimi ni nani nikasirike mbele yake?”

Lakini akaweka sheria zake. Maziwa mabichi hayataona moto kamwe; ni amacunda peke yake, kwa kuwa yaliyokwisha kutoa siagi, kwa hesabu yake, hayamhusu tena ng’ombe. Na kibuyu atakifukiza na kukisuka yeye, si mtu mwingine.

Mwezi wa tano Kyomuhangi alimwalika bibi mjini. Akaketishwa dirishani, akawatazama makarani wakimega na kutafuna, wakifumba macho. Bibi akashika mdomo, halafu kicheko kikamtoka, mgahawa mzima ukageuka.

“Béné, angalia! Banakunywa maziwa na meno!”

Sasa Gaju ana mimba na atazaa Desemba. Maziwa yatakatika miezi miwili kabla, kwa hiyo Bénédicte anakimbizana na Oktoba. Kila skonzi anaiuza shilingi mia saba, na mia mbili huenda kwenye kibubu cha ng’ombe wa pili. Jina bibi ameshalichagua, lakini hataki litajwe kabla mnyama hajaingia zizini.

Kitu kimoja tu hakijatimia. Bibi hajawahi kuonja. Amesema atakula siku Gaju atakapozaa salama. Hata hivyo kila alfajiri Bénédicte hutenga skonzi moja, huifunga kwa kitambaa na kuiweka kando ya mkeka wa mama. Kila jioni bibi huifungua, huinusa kwa muda mrefu, kisha humpa jirani.

Mwandishi anapoaga, bibi anamwita.

“Andika kama sijakula. Andika pia kama inanukia muzuri.”

“Mama, Desemba utakula moja?” anauliza Bénédicte.

“Moja?” Bibi anamkazia macho. “Na zile zote nilipatia jirani, nani atanirudishia?”