Matairi ya Jeshi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipopiga simu kusema amepata matairi ya jeshi, mama alipiga makofi. Nilikuwa nimekaa naye mezani nammenyea machungwa, na akaweka chini kipande alichoshika ili apate mikono miwili ya kupigia makofi. Hakujua tairi la jeshi ni kitu gani. Alijua tu kwamba aliyepiga ni mwanawe wa mwisho, na habari yoyote inayotoka Mikocheni kwake ni habari njema.

Niseme kabisa kwamba nilikuwa na wivu, tena wivu wa kunikosesha hamu ya kula. Mama alihamia kwangu Mbezi baada ya baba kufariki. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki ya magoti, na nilijua chai yake inataka tangawizi kiasi gani. Mke wangu alimchua miguu kila jioni. Lakini wakija wageni, hadithi zilikuwa za yule wa Mikocheni: alivyopiga simu, alivyouliza hali, alivyokohoa kidogo kwenye simu na mama akakosa usingizi. Mimi nilikuwa palepale kwenye kochi, na mtu aliyepo hatajwi.

Kwetu Uchagani kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya wazazi. Mimi, kifungua mimba, nilipewa kipande changu cha migomba nikajenge, na sikuwahi kulalamika, mila ni mila. Yeye alipata nyumba, na mimi nikapata barabara. Kila Desemba nilimweka mama kiti cha mbele kwenye gari langu dogo, tukaondoka Mbezi kabla jua halijakolea, tukaenda zetu Moshi. Korogwe tulisimama anunue machungwa, akabishana bei na wauzaji mpaka wakacheka wenyewe. Akishashiba aliimba pambio. Akichoka kuimba alinisimulia mambo ya ujana wake, mengine hata baba sidhani kama aliyajua. Kwa safari nzima alikuwa mama yangu peke yangu, na simu ya Mikocheni ikiita nilimwambia mtandao unasumbua.

Mwaka jana mvua iliniharibia. Tulipofika kwenye kile kilima cha mwisho, kile cha udongo mwekundu chini ya nyumbani, gari lilianza kuserereka, likakaa kwenye mfereji, likakataa. Mama akashuka na fimbo yake akapanda mlima kwa miguu, kanga kichwani, mvua inamnyeshea. Hakunilaumu hata kidogo. Ila siku mbili tatu baadaye nilimsikia uani akimsimulia mdogo wangu kwa simu, anacheka, "Aisee, nimetembea kama mbuzi!"

Yeye hakucheka. Alinunua pikapu.

Halafu mwaka huu, mvua za vuli zikiwa zimeanza, mama akatuita wote wawili akatuambia anataka kurudi. Hakusema kwenda Krismasi. Alisema kurudi. Nyumba imeshapigwa bati jipya, kuna binti wa shangazi atakayelala naye, na yeye amechoka kuishi mahali ambapo hata mchicha unanunuliwa. Nilikuwa bado natafuta la kusema wakati mdogo wangu alipodakia, "Nitakupeleka mie, mama. Na safari hii hutakanyaga tope."

Nikamwambia mama siku zote huwa anaenda na mimi.

"Kaka, kwa gari lile?" aliuliza. Hakunikejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi.

Ubaya wa mdogo wangu ni kwamba si mbaya. Angekuwa na kiburi ningemchukia vizuri, nikamaliza. Badala yake, baada ya ile simu ya matairi, Jumamosi moja alinipigia akaniomba twende wote gereji, eti nimshauri. Nilikwenda. Sikwenda kushauri. Nilikwenda kuona kama matairi yatagoma kuingia.

Gereji ilikuwa Ubungo, nyuma ya maduka ya spea. Pikapu ilikuwa juu ya jeki, haina miguu. Walikwisha kuiwekea springi ndefu na vipande vya chuma vya kuinulia bodi. Matairi yenyewe yalikuwa yameegemezwa ukutani, mapana, meusi, yenye meno ya kung'ata. Yaliwahi kubeba magari ya jeshi, yakauzwa mnadani, na moja lilikuwa bado na namba za rangi nyeupe ubavuni. Mdogo wangu alizunguka akiyapapasa moja moja.

"Braza, cheki meno hayo," aliniambia. "Tope la kwetu litasalimu amri."

Nikasema mbona makubwa mno. Fundi, kijana wa Temeke mwenye maneno mengi, alicheka. "Mzee, ishu ya ukubwa tuachie sisi. Hapa tunafitisha hadi tairi la trekta."

Walipaka maji ya sabuni, wakaliingiza tairi la kwanza kwenye rimu kwa mitaimbo, wanaume wawili wakitoa jasho, wakajaza upepo mpaka likalia paa! na kukaa sawasawa. Wakalifunga. Fundi akapanda, akakata usukani hadi mwisho, na tairi likagusa madigadi, lile bati la juu yake. Lilikwaruza kwa sauti ya kusaga meno. Mimi nilikuwa nimeshika soda, nikainywa kwa raha ambayo soda haijawahi kunipa. Nikasema kwa upole, kama mkubwa anayemhurumia mdogo wake, "Basi yarudishe, bwana. Hayakuandikwa."

Fundi wala hakuniangalia. Alichukua chaki, akachora mstari kwenye madigadi, akawasha mashine ya kukatia chuma. Cheche ziliruka, harufu ya rangi iliyoungua ikatujaa, kipande cha bati kikaanguka chini. Akakata usukani tena, kulia, kushoto. Kimya. Mdogo wangu akanikumbatia kwa furaha, na mimi nikampigapiga mgongoni, roho yangu ya korosho ikiwa imebanwa katikati yetu.

Yalipofungwa yote na gari likashushwa, watu wa gereji za jirani walikuja kulitazama. Lilisimama juu kiasi kwamba mtu mzima aliona chini ya tumbo lake bila kuinama. Tulipima kila kitu mchana ule: upana wa rimu, nafasi ya madigadi, urefu wa springi, hadi upepo wa kila tairi. Aliye juu mngoje chini, nilijifariji nikirudi nyumbani kwenye gari langu, huku malori ya Morogoro Road yakinipita yakiwa yananitazama utosini.

Asubuhi ya safari mama alitoka amevaa kitenge kipya na kilemba chake, na mkoba ameushika kwa mikono miwili. Mizigo ilikuwa imeshafungwa nyuma: godoro, sufuria zake, miche ya mihogo aliyoitaka kwa nguvu. Tukasali pale uani. Mke wangu akalia, watoto wakalia. Mama akasogea kwenye pikapu, mdogo wangu akamfungulia mlango kwa madaha, na hapo wote tukaona.

Kizingiti cha mlango kilikuwa usawa wa kifua cha mama.

Alikitazama. Akaitazama ile pau ya kukanyagia, ambayo na yenyewe ilimfika juu ya paja. Akayatazama magoti yake. Tulipima kila kitu isipokuwa magoti ya mama, ambayo ndiyo sababu matairi yale yalinunuliwa. Sijawahi kumwona mdogo wangu amepauka vile, hata siku ya msiba wa baba.

Na mimi nilifurahi. Sisemi nilifurahi kidogo. Nilikwenda mbio kwenye gari langu, likiwa chini vizuri, kizingiti chake kinafika kiunoni mwa mtoto, nikafungua mlango, nikapangusa kiti cha mbele kwa mkono. Likizo sikuwa nayo, nguo sikufunga, ila ningeondoka vilevile na ndala zangu. "Mama, njoo huku kwangu," nilisema. "Kiti chako hiki hapa."

Mama aliliangalia gari langu kwa muda. Nadhani alilipenda, ninaamini hivyo mpaka leo. Kisha akageuka akamtazama yule mwanawe aliyesimama kando ya tairi, mikono inaning'inia.

"Nimezaa wanaume wawili," akasema, "halafu nishindwe kupanda gari? Nipandisheni."

Utotoni tulikuwa tukibebana kwa kiti cha mikono: huyu anashika viwiko vya mikono ya yule, wa tatu anakaa katikati. Mdogo wangu alininyooshea mikono yake. Nikaishika, sikuwa na pa kuipeleka yangu. Mama akakaa juu yake, mkono mmoja shingoni kwangu, mmoja shingoni kwake, tukamwinua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wa mama, na uzito haukuja. Alikuwa mwepesi mno. Tulimpitisha juu ya pau, juu ya kizingiti, akajivuta, akakaa, akarekebisha kilemba.

Halafu akacheka. Alikuwa anaona juu ya ukuta wa uani. "Aisee! Kumbe jirani ana mapapai yote yale? Na miaka yote hii hajatupa hata moja!" Alicheka mpaka akajifuta macho, akageuza shingo kutazama paa la nyumba yangu, matangi ya watu, kanisa, mtaa wote. Kwa muda aliokaa kwangu sikuwahi kumpa cheko la namna ile. Nilimlisha, nilimtibu, nilimpa chumba chenye feni, na yeye alichokuwa anakitaka ni kuona upande wa pili wa ukuta, na aliyempa ni mwingine.

Mdogo wangu alizunguka akapanda upande wake, akawasha injini.

"Baba," mama aliniita. "Njoo."

Nikasogea. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa changu na injini ilikuwa inanguruma. Nilimwona anasema kitu, nikasikia sauti bila maneno. Nikaweka mguu kwenye tairi, kwenye yale meno yake manene, nikashika mlango, nikajivuta juu mpaka uso wangu ukawa sawa na wake.

"Kile chumba changu," alisema taratibu, "wape watoto. Msikiache wazi kunisubiri."

"Lakini kliniki utakuja, mama."

"Wape watoto, baba."

Mdogo wangu alikuwa anatazama mbele, mikono kwenye usukani, hakugeuka. Nikasema sawa, mama. Nikashuka kwenye tairi lake, nikaenda kuwafungulia geti.