Ndugu wa Evaristo

Daktari Perla Zlotnik hakuandika kitu. Wagonjwa wake walijivunia jambo hilo katika mji mzima wa Rosario, kana kwamba kumbukumbu ile ilikuwa mali yao. "Wangu mimi haandiki hata neno," walitambiana mikahawani, "yote anayo kichwani." Na kweli alikuwa nayo, miaka nenda miaka rudi, mpaka kichwa chenyewe kilipoanza kumfanyia ujeuri.

Alikuwa binti wa Wayahudi waliolima ngano huko Entre Ríos, ng'ambo ya mto Paraná. Baba yake alitaka asomee meno, maana meno, alisema mzee, hayaishi kuoza. Perla akasomea vichwa. Alipoanza kazi katika hospitali ya vichaa, dawa ilikuwa maji baridi na kamba. Yeye akachukua kigoda, akaketi kando ya mwanamke mmoja aliyekuwa hasemi na mtu, akangoja. Alingoja siku hiyo, na kesho yake, na majuma yaliyofuata. Madaktari wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mwacheni Perla, anaatamia!" Siku ya siku yule mwanamke akafumbua kinywa: "Jamani, mwambieni huyu bibi aache kunikodolea macho." Ndivyo tiba ya mazungumzo ilivyoingia mjini kwetu, na asikudanganye mtu kwamba iliingia kwa heshima kuliko hivyo.

Walimcheka, kisha wakamwiga. Kufikia uzee wake, mtu wa Rosario asiye na daktari wa kumsikiliza alionekana mshamba. Mwenye bucha alikuwa naye, refa wa mpira alikuwa naye, hata padri mmoja, ila huyo aliingilia mlango wa nyuma. Sheria zilikuwa za Perla mwenyewe. Mgonjwa hulala kwenye kochi, daktari huketi nyuma ya kichwa chake asionekane. Wakikutana sokoni hawajuani. Na akisema neno, maana husema machache, mgonjwa habishi wala haulizi. Hulibeba akaenda kulitafuna nyumbani.

Evaristo Tosoni alikuwa mmoja wa hao watafunaji. Alikuwa akipeleka chupa za maji ya soda majumbani kwa gari lake, mtu mzima mwenye kipara, bado akiishi na mama yake, bi Asunta. Alikuja kwa Perla kwa sababu ya kukosa usingizi. Jumanne moja akaeleza kwamba rafiki zake walimwalika kuvuka mto kwenda visiwani kuchoma samaki, naye akaogopa kupanda mashua. Kisha sauti ya Perla ikatoka nyuma ya kichwa chake, laini kama siku zote:

"Tangu ndugu yako azame, maji yote kwako ni mto uleule."

Evaristo hakuwa na ndugu, hakuwahi kuwa naye. Lakini yeye ni nani hata abishane na Daktari Zlotnik?

"Ndiyo, daktari," akasema, akaenda zake kulitafuna neno hilo.

Jumanne iliyofuata hakuja. Mlangoni alikuwapo mwanamke mnene mwenye aproni, ambaye hakungoja kukaribishwa.

"Wewe ndiye Zlotnik?"

"Ndimi, mama."

"Mimi ni mama yake Evaristo. Haya, niambie, yule mtoto nilimzamisha lini?"

Perla hakuelewa. "Mtoto gani?"

"Mimi nakuuliza wewe, wewe unaniuliza mimi! Nimezaa mmoja tu, huyohuyo bwege, na kuzaliwa kwake kulinimaliza, sikushika mimba tena. Sasa ananiambia nilikuwa na mwingine, akafa maji, nikamficha. Nimemwapia kwa Bikira, ananiambia 'mama, hasira yako ndiyo ushahidi.' Amehamia nyumba ya kupanga karibu na stesheni. Chakula changu hali. Ananitazama kama muuaji, mimi niliyemnyonyesha!"

"Na unahisi nini, mama, unaposema hivyo?" Neno lilimtoka kwa mazoea tu.

"Nahisi kukupiga kiatu!" Bi Asunta akajifuta macho kwa aproni. "Nirudishie mwanangu, daktari. Mengine sitaki kujua."

Akaondoka. Perla akabaki amesimama, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi aliona hofu ya kweli. Kwa maana mtoto huyo Perla alikuwa anamwona kichwani. Alimwona waziwazi: shati jeupe limeganda mwilini, kiatu kimoja mguuni, nywele zimejaa matope. Basi kama si wa Evaristo, ni wa nani?

Akawapitia wagonjwa wake mmoja mmoja, akijaribu kumpata mwenye mtoto huyo kwa hila. "Na yule mtoto wa mtoni?" akamuuliza mwenye bucha. Mwenye bucha, ambaye kwao kulikuwa na mabinti watupu, akaangua kilio na kuahidi kulifikiria. Akamuuliza mwalimu mmoja wa hesabu. Mwalimu akashukuru kwa unyenyekevu, akasema sasa anaelewa ni kwa nini hapendi kuoga. Perla akashika kichwa. Badala ya kumpata mwenye maiti, alikuwa amegawa maiti mbili nyingine! Mji mzima alikuwa ameufundisha kutomwambia "umekosea", na leo alikuwa anatafuta mtu mmoja tu wa kumwambia hivyo.

Aliyebaki ni Mina, mdogo wake, aliyeishi naye. Mina alikuwa jikoni akimimina maji ya moto kwenye kibuyu kidogo cha kunywea chai ya majani ya kienyeji. Alikuwa hajalala kwenye kochi lolote maishani mwake, na alikuwa akiitania kazi ya dada yake kila siku ya Mungu.

"Mina, nani alizama?"

"Alizama wapi? Umesikia redioni?"

"Mtoto. Shati jeupe. Kiatu kimoja."

Mina akaweka birika chini. Utani ukamtoka usoni.

"Naúm, dada."

"Naúm yupi?"

"Naúm wetu! Kaka yangu mimi, mdogo wako wewe. Kule kijitoni, nyuma ya shamba. Mimi nilikuwa bado nanyonya, nimesimuliwa tu, tena mara moja. Mama alipiga marufuku jina hilo ndani ya nyumba. Na wewe hujalitaja hata siku moja, Perla. Nilidhani ndivyo ulivyotaka."

Perla alitafuta koti lake, akavaa moja la Mina, akatoka hivyohivyo. Njiani alisimama mara kadhaa kujikumbusha anakokwenda. Mganga hajigangi, wamesema wazee, lakini hawakusema kwamba ugonjwa wake anaweza kuwapa wateja wapeleke nyumbani.

Evaristo alipomwona mlangoni pa chumba chake nusura aanguke. Daktari, nje ya chumba chake! Tena ana uso!

"Evaristo, huna ndugu. Nilikosea. Nilikuchanganya na mtu."

Evaristo akamtazama kwa makini, akatabasamu kwa huzuni. "Nimeelewa, daktari. Unataka kuona kama niko tayari kumwacha aende."

"Hapana! Nimekosea, basi! Neno langu halina kitu chini yake. Mama yako hajaficha mtu. Yule ni mdogo wangu mimi. Anaitwa Naúm."

Evaristo alikuwa amelala kwenye kochi la mwanamke huyu muda mrefu, na kuna swali moja alilokuwa ameulizwa kila alipotaja jambo zito. Hakujua swali jingine la kuuliza.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Perla alipojibu, sauti haikuwa ile laini.

"Nilikuwa nimemshika mkono."

Aliketi kitandani pa Evaristo akalia, bila staha, kama mtoto aliyepotea sokoni. Evaristo akaketi kando akangoja, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa. Baadaye akakunja nguo zake chache, akazitia kwenye mfuko, akampa daktari mkono, wakashuka ngazi pamoja kuelekea kwa bi Asunta.

Wakiwa katikati ya barabara Perla akasimama. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuhama.

"Yule mama mwenye aproni," akauliza kwa wasiwasi, "alikuja kwangu analia. Mwanawe ameonekana?"

Evaristo alitaka kumsahihisha. Akameza maneno, akamshika mkono vizuri zaidi.

"Ameonekana, daktari," akasema. "Anarudi nyumbani sasa hivi."