Milimita Nne za Fundi Msasa

Fundi Msasa hakuwa na ugomvi na mtu yeyote, na labda hilo ndilo lililokuwa tatizo lake, maana hata ugomvi unataka watu wawili. Yeye alikuwa mmoja mezani, mmoja kitandani, mmoja kwenye karakana yake ya dirisha moja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Mkewe alikuwa amefariki miaka minane nyuma. Binti yao aliolewa mbali, hupiga simu kila Jumapili, anauliza, "Baba, umekula?" na baba anajibu amekula, kisha wote wawili wanaanza kutafuta la kusema. Wahenga walisema upweke ni uvundo, na mzee huyu alikuwa ameshauzoea huo uvundo kiasi kwamba hakuusikia tena.

Kazi yake ilikuwa kulinganisha bunduki na mwili wa mtu. Usicheke, ni kazi kama ya fundi cherehani, ila huyu nguo zake ni za mbao. Watu hudhani bunduki ni mtutu. Uongo mtupu! Mtutu hauna akili. Unaelekea kule linakotazama jicho, na jicho linakaa pale shavu linapolala, na shavu linalala juu ya mgongo wa kitako, ile mbao inayokaa begani. Kitako kikiwa kirefu kinanasa kwenye nguo. Kikiwa kifupi, kidole gumba kinakutandika puani. Mgongo ukiwa chini unapiga chini ya shabaha, ukiwa juu unapiga juu, na hata ukilia machozi ya damu marisau, vile vipunje vya risasi, hayatakuhurumia.

Alhamisi moja akaingia mama wa makamo, ameshika mfuko mrefu wa turubai.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Pita ndani, angalia hicho kizingiti."

Alikuwa mkunga katika hospitali ya mjini, na fundi hakuwahi kumwita kwa jina lingine. Akatoa bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ya zamani, kitako kimefifia rangi. "Ilikuwa ya mjomba wangu," akasema. "Alikuwa anapigia kanga. Nimeisajili kwa jina langu."

"Na wewe unataka kupigia nini?"

"Visahani vya udongo, kule klabu ya shabaha. Wanachagua timu ya akina mama ya kwenda mashindano ya taifa, nafasi tatu tu. Nimejaribu na hii ya mjomba, napata kumi na saba kati ya ishirini na tano. Nahitaji ishirini." Akapapasa kitako. "Fundi, miaka ishirini na sita nimekuwa nikipokea watoto wa watu. Nataka kitu kimoja kiwe changu."

Fundi akaelewa shida mara moja. Yule mjomba alikuwa mrefu, mpwa wake mfupi. Tena bunduki ya kuwindia ina mgongo wa chini, na kisahani cha udongo hakitembei kama kanga. Mtambo unakirusha kutoka shimoni, kinapaa huku kinakimbia, na mpigaji ana sekunde moja ya kukiwahi. Kwa hiyo bunduki yake inatakiwa ipige juu kidogo tu, ili marisau yakutane na kisahani kinapopanda. Kidogo tu, nasema. Hapo ndipo penye ufundi.

Akaifungua bunduki, akachungulia mitutu yote miwili, tupu. Akamwonyesha naye achungulie. Kisha akasimama mbele yake hatua tatu.

"Funga macho. Iweke begani kama kawaida yako. Haya, fumbua, nitazame jicho la kulia."

Ndivyo vipimo vinavyochukuliwa: fundi analitazama jicho la mteja kupitia juu ya mtutu, anaona limekaa wapi. Jicho la Mkunga lilikuwa limezama nusu, ishara kwamba mgongo uko chini. Lilikuwa jicho la kahawia, lenye uchovu wa zamu za usiku, na lilimtazama moja kwa moja bila kupepesa. Mzee akasahau kuandika. Hakukumbuka ni lini mtu alimtazama kwa muda mrefu hivyo.

"Vipi, fundi, nimekosea?"

"Hapana, hapana. Tulia hivyo hivyo."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alikata kitako nyuma kwa upana wa vidole viwili, akafunga mpira wa kupunguza teke. Juu ya mgongo akabandika kibao kwa gundi, akakiacha kinene kupita kiasi kwa makusudi. Kwenye mbao, kupunguza ni dakika, kurudisha ni kilio. Mteja anakuja, anapimwa, unapunguza kidogo, anakwenda kujaribu, anarudi, unapunguza tena. Alhamisi mbili, basi, kazi imekwisha.

Lakini Mkunga alikuwa na maneno! Alhamisi ya pili alikaa kwenye stuli, akapewa chai ya kwenye chupa, akasimulia habari ya mume aliyeingia chumba cha kujifungulia kwa mbwembwe, eti kumshika mkewe mkono, akazimia kabla hata mtoto hajaonyesha kichwa. "Ikabidi mama anayejifungua asogee kitandani, tumlaze na bwana!" Fundi akacheka mpaka akapaliwa na vumbi la mbao. Alijisikia anacheka, akashtuka, kama mtu aliyekuta chumba ndani ya nyumba yake ambacho alikuwa amekisahau.

Wiki hiyo alinunua kikombe cha pili. Akaanza kunyoa ndevu kila Jumatano jioni. Kijana wa duka la umeme hakumwacha salama: "Mzee Msasa, siku hizi shavu linang'aa kuliko bunduki! Kuna nini?" Akamwambia ashike adabu yake, lakini aliingia ndani akitabasamu.

Alhamisi ya tatu alipima, akajua. Zilibaki milimita nne. Randa mara tano, msasa, mafuta, na bunduki ingekuwa ya Mkunga kama mkono wake mwenyewe. Na Alhamisi ijayo angekuja nani?

"Bado bado kidogo," akasema. "Haraka haraka haina baraka."

"Wewe ndiye mjuzi, fundi," Mkunga akajibu, akamimina chai nyingine.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu wetu alivutia kwake milimita nne. Si nyingi. Ni kama unene wa biskuti. Uteuzi ulikuwa mwisho wa mwezi, akajipa moyo: wiki moja zaidi imemdhuru nani?

Alhamisi ya nne Mkunga hakukaa. Aliingia anahema. "Fundi, wameuwahisha uteuzi! Ni keshokutwa Jumamosi. Iko tayari?"

Bunduki ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa. Randa ilikuwa pale pale, kiganjani kabisa. Dakika ishirini tu! Angeweza kusema, kaa, kunywa chai, namalizia. Lakini akiisha kumaliza, amemaliza. Moyo wake ukamwambia, atapata ishirini hata hivyo, mkono wake ni mzuri, kisha atarudi kuirekebisha. Moyo wa mpweke ni mwanasheria hodari, hakosi hoja.

"Iko tayari," akasema.

Mkunga akamshika mikono yote miwili. "Mungu akubariki, fundi. Sijui ningefanya nini bila wewe."

Jumamosi mzee alifunga karakana akaenda uwanjani, akasimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Alikuwa amevaa shati lake la pasi. Mkunga alipomwona alimpungia mkono kwa furaha, akasogea kwenye mstari, akaweka bunduki begani.

"Rusha!"

Kisahani cha kwanza kikasambaratika, vumbi jeusi likatanda. Watu wakapiga makofi. Cha pili kikapita kizima. Cha tatu kikamegeka ukingo wa juu tu, wakampa. Cha nne kikapita. Watazamaji waliona mama anakosa. Fundi aliona marisau yakipita juu, karibu shubiri moja, kila mara pale pale, sawasawa kabisa na milimita zake nne. Hakuhitaji mwamuzi. Alitamani kupiga kelele, lenga chini, mama, lenga chini! Angesema amejuaje?

Kufika kisahani cha ishirini Mkunga alikuwa ameanza kutafuta kosa mwilini mwake. Anabadilisha miguu, anasogeza bega, anafuta jicho kwa kiganja. Akamaliza na kumi na tano. Nafasi ya tatu ilichukuliwa na aliyepata kumi na tisa.

Alimpita fundi pale kwenye kamba akasimama. "Nisamehe kwa kukuaibisha," akasema. "Umenifanyia kazi nzuri hivi, halafu mimi ndo naharibu."

Mzee aliyefunga mdomo pale alistahili bakora, na mimi ningekuwepo ningemcharaza.

Jumatatu asubuhi Mkunga alifika karakana. Hakuwa na hasira. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nitafutie mtu wa kuichukua," akasema, akaweka mfuko mezani. "Macho yangu yameshachoka, fundi. Yalikuwa mawazo tu ya mtu mzima anayejidanganya."

Fundi alishika ukingo wa meza. Angeweza kunyamaza hata hapo, na hakuna mtu duniani angejua. Lakini mama wa watu anakwenda zake akiamini macho yake yamekufa!

"Macho yako ni mazima," akasema. "Bunduki ndiyo mbovu. Niliiacha juu milimita nne. Niliiacha makusudi."

Mkunga hakuelewa. "Makusudi vipi?"

"Ilikuwa imalizike Alhamisi ya tatu. Nilitaka uje ya nne. Na ya tano." Akaitazama stuli. "Huwa haji mtu hapa, mama. Nisamehe."

Mkunga akamtazama, kisha akatazama vile vikombe viwili juu ya rafu, kisha akamtazama tena. Uso wake ulipitia hasira, ukapitia aibu, ukafika mahali ambapo fundi hakupajua.

"Imalize," akasema.

Fundi akaitoa bunduki mfukoni. Akafunga kitako kwenye jiliwa. Randa mara tano. Msasa mkavu, kisha msasa laini, kisha mafuta kwa kitambaa. Mkunga alisimama muda wote huo. Stuli ilikuwa karibu, hakuikalia. Chai hakuitaka.

Walipopima, jicho la kahawia lilikaa mahali pake halisi, duara zima, si juu si chini. Lilimtazama kama kinavyotazamwa chombo.

"Ndiyo hivyo sasa," mzee akasema.

Mkunga akaikunja bunduki, akairudisha mfukoni, akafunga zipu. Mlangoni akageuka.

"Mimi nikitoka zamu, nafungua mlango kwangu, nawasha taa, nakaa kitandani na viatu," akasema. "Hakuna mtu. Miaka kumi na moja sasa. Zile Alhamisi nilikuwa nahesabu siku. Ungesema tu, fundi. Ungesema, 'Njoo tunywe chai.' Ningekuja mpaka tungezeeka hapa."

"Basi njoo," mzee akasema upesi. "Bado njoo."

Mkunga alitikisa kichwa polepole. Hakukuwa na chuki usoni mwake, na machozi aliyafuta kwa mgongo wa mkono. "Nitakaa hapo nakusikiliza, na kila neno lako nitajiuliza umebakiza milimita ngapi," akasema, akavuka kizingiti, akaenda zake.