Kamera Isiyo na Tundu la Jicho

Wiki ambayo baba yangu alikuwa akifunga mizigo kurudi kwao kaskazini, mimi niligombana na muuza kamera mmoja kule Nakivubo, mjini Kampala. Nilikuwa nimenunua kwake kamera ndogo, ya hizi za kisasa, nyepesi, inayoingia kwenye mkoba pamoja na leso na funguo. Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kwamba haina lile tundu la nyuma la kuchungulia kwa jicho. Ina skrini tu. Unaishika mbali na uso, mikono umeinyoosha, kama mtu anayesoma gazeti bila miwani.

"Nyabo, watu hapana angalia tena kwa tundu," muuzaji aliniambia, akiniita bibi kwa Kiganda, niliporudi kumlalamikia. "Kwani simu yako iko na tundu?"

"Simu hapana kazi yangu. Kamera ndiyo kazi."

"Basi ngoja. Ile ya tundu itakuja wiki ile ingine."

"Wiki ile ingine baba yangu amesha kwenda!"

Akaniangalia kwa huruma ya mtu mwenye njaa, kisha akarudi kwenye chapati yake. Nikaondoka na kamera ileile, nimenuna mpaka nyumbani Luzira.

Mimi hupiga picha za sherehe za watu wengine. Studio niliyoifanyia kazi ilifungwa, na kamera zake kubwa zikaenda na mwenyewe. Sikuulilia uzito wake, maana bega langu lilikuwa limeshachoka. Nililililia lile tundu. Mpiga picha huitwa kila mahali na hakuna anayemwekea kiti. Unasimama katikati ya ndugu wa watu, mashangazi wanakumbatiana, wajomba wanataniana, na wewe huna wa kukutania. Lakini ukiweka jicho kwenye tundu, unakuwa na shughuli. Uso wako haumo tena. Hakuna anayeweza kukuuliza umekuja na nani.

Picha ya baba niliitaka kwa sababu nyingine. Mama alipofariki, tuliitafuta picha yake ya kuweka mbele ya waombolezaji, tukakosa. Ikabidi tukuze ile ya kitambulisho. Mama, aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta, akawa anatutazama kama mshtakiwa. Kila aliyekuja kutupa pole alianza kwa kuikwepa ile picha. Niliapa kwamba baba hatapatwa na hayo, na bado miaka ikapita bila picha yake hata moja ya maana. Zipo nyingi, lakini zote ni za yule mwanajeshi aliyekuwa zamani. Kidevu juu, mikono ubavuni, macho yamekauka. Hata ile aliyonipakata nikiwa mtoto, ananishika kama anakabidhiwa vifaa.

Sasa alikuwa anaondoka. Alishasema wazi kwamba akifika kwao harudi tena Kampala, magoti yake hayataki basi. Kaka yangu analinda majengo Uarabuni, hupiga simu anapopata nafasi. Maana yake ni kwamba kuanzia Jumapili vile vyumba viwili vya Luzira vingekuwa vyangu peke yangu, na nilitaka abaki humo walau ukutani, awe yeye mwenyewe.

Jumamosi nilikuwa na kazi Nateete, sherehe ya kwanjula, pale kijana anapopelekwa na watu wake kujitambulisha kwa wakwe. Ndiyo siku niliyoijua kamera yangu vizuri. Jua la saa saba lilipiga ile skrini, nikawa sioni kitu isipokuwa paji la uso wangu. Wageni wanapiga magoti kusalimia, zawadi zinaingia kwa vikapu, na mimi napiga kwa kubahatisha. Mwishowe nikavua kitenge begani, nikajifunika kichwa pamoja na kamera, nikaona vizuri kidogo. Shangazi wa bibi harusi akanifuata mbio, akaniinamia.

"Nyabo, pole sana. Nani amekufa?"

"Hapana mtu. Iko jua."

"Jua ndiyo nakuliza hivi?"

Akaniletea maji na kiti. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi ile kuwekewa kiti, na nilikipata kwa kudhaniwa nina msiba. Nikakaa, nikayanywa yale maji, na kwa kweli machozi yalikuwa karibu.

Niliporudi nyumbani jioni, baba alikuwa amekaa kitandani anakunja mashati. Alikuwa akiyakunja kijeshi, yote sawasawa. Mkunjo wa shingo yake chini ya ile taa ulikuwa mzuri. Nikatoa kamera, na mkono ukafuata mazoea yake: nikaipandisha usoni, nikafunga jicho la kushoto, pua ikagonga skrini. Tundu halikuwapo, lakini jicho lilikuwa limeshajifunga. Na baba alikuwa ameshasimama, kidevu juu, mikono ubavuni.

Nikawaka. "Baba, kwa nini kila siku wewe nasimama hivi? Mimi hapana afande! Mimi mutoto yako!"

Akakaa taratibu. Hakukasirika. Akaokota shati lililoanguka, akaanza kulikunja upya.

"Mama yangu," aliniambia, maana mimi nina jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, "hapana maringo. Mutu akifunga jicho moja mbele yangu, kama nalenga bunduki, mwili yangu nasimama yenyewe. Mimi hapana ambia yeye. Nasimama tu."

Baba hazungumzi habari za vita. Hata hiyo ilikuwa nyingi kwake. Akaenda kutawadha, nami nikabaki na kamera mapajani. Nilifikiria wapiga picha wote waliowahi kumfungia jicho, wa kambini, wa vitambulisho, na mimi mwanawe kuliko wote. Nilisikia uchungu ambao sikujua niupeleke wapi.

Asubuhi ya Jumapili alikaa kizingitini anapiga viatu rangi. Jua lilikuwa linatoka upande wa ziwa, kali, skrini ikawa nyeusi kabisa. Kitenge sikukitaka tena. Nikaishusha kamera mpaka tumboni, nikaacha kuihangaikia, nikamwangalia baba kwa macho yangu yote mawili. Kidole kikawa kinabonyeza chenyewe. Mlio wake nilikuwa nimeuzima.

"Ile komeo ya mlango hapana mzuri," alisema, akisugua. "Usiku, weka meza nyuma yake."

"Sawa, Baba."

"Na hii mukaa, usiwashe ndani. Uvivu yako najua."

"Sawa."

Brashi ikasimama. Akainua uso. "Na chakula? Wewe nakula peke yako, utapika kweli?"

Nikasema nitapika. Alijua ni uongo. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikiwa na homa utotoni, jicho moja likiwa limekunjwa na jua, mdomo umelegea, hana cheo wala amri. Nikabonyeza. Kisha akavaa viatu, nikachukua begi, tukaenda stendi. Pale kwenye mlango wa basi alinishika kichwa kwa mkono mmoja, akapanda. Hakupenda mambo ya kupungiana mikono, kwa hiyo nami nikageuka mapema.

Nyumba ilikuwa inanuka rangi ya viatu. Sikuwasha redio. Nikakaa pale kitandani kwake, ambapo shuka lilikuwa limenyooshwa pasipo hata mkunjo, nikaanza kuzipitia picha. Nyingi zilikuwa za kutupa, magoti bila kichwa, mlango umelala, brashi imejaa picha nzima. Halafu nikaifikia ile. Kila kitu kilikuwamo. Baba yangu, si mwanajeshi wa mtu. Mtu mzima mwenye wasiwasi na mtoto wake. Nikacheka kwa sauti, peke yangu, nikasema muuzaji wa Nakivubo abaki na tundu lake.

Ila kulikuwa na kitu. Niliileta karibu, nikaisogeza mbali, nikaigeuza. Baba hakuwa akiangalia kamera. Macho yake yalielekea juu ya kamera kidogo. Nilidhani labda kuna jirani aliyekuwa amepita nyuma yangu, au ndege. Nikaiweka kamera mezani, nikasimama mbele yake, nikainama, nikapiga magoti. Popote nilipokaa, alinipita juu ya kichwa.

Ndipo nikaelewa. Kamera ilikuwa tumboni. Uso wangu ulikuwa huko juu, na yeye alikuwa akiuangalia uso wangu. Ingekuwa nimejificha nyuma ya tundu, ningekuwa na picha inayonitazama, ya mtu asiyeniona. Sasa nilikuwa na picha ya baba akiniona, na kila nikiiangalia hatanitazama.

Nje watu walikuwa wakirudi kutoka kanisani, wanaongea Kiganda, wanacheka. Mle ndani hamkuwa tena na mtu wa kuniambia neno kwa Kiswahili chetu. Nikaisogelea ile skrini mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu.

"Baba," nikamwambia, "angalia chini kidogo. Mimi iko hapa."