Tezi Bila Dume

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka nacheka peke yangu, nawe cheka tu, sitokasirika. Nilikuwa kijana wa miaka sitini na tatu, na mkojo umenigomea. Nikitumwa samaki sokoni Darajani, hapa Unguja, narudi adhuhuri, maana nimepitia vyoo vya misikiti yote ya njiani, na kila kimoja natoka na matone matatu.

Daktari akaniambia ni tezi dume, imevimba. Nikarudi nyumbani, mke wangu Zuwena akaniuliza nina maradhi gani. Nikamjibu, "Tezi." Hilo dume nikalimeza, naona haya. Masikini, Zuwena akadhani ni tezi la shingo! Wiki mbili akanikanda shingo kwa mafuta ya karafuu aliyoagizia shamba, Kizimbani, nami nimetulia tuli, nasema, "Hapo hapo, mke wangu."

Tukavuka naye kwenda Dar es Salaam kutibiwa. Daktari wa huko alikuwa binti mdogo, rika la mjukuu wangu, ana adabu zake. Akanieleza taratibu: atapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wa damu mpaka kwenye tezi, atie dawa yenye mionzi kidogo, halafu apige picha aone inakoenea. Ikibaki kwenye tezi, atatia vishanga vidogo vya kuziba damu, tezi isinyae. Ikionekana imepotea njia imekwenda kibofuni, haendelei, maana vishanga navyo vitapita huko huko, kibofu kikose damu.

Kabla ya picha akaniuliza, "Babu, ushakojoa mkojo wote?"

Ala! Mimi nimwambie mtoto yule kwamba nimeshindwa kukojoa? "Nshakojoa zamani," nikasema, na tumbo limenikaza kama ngoma.

Picha ikatoka, kibofu kinawaka kuliko tezi. Binti akasikitika, akamwita Zuwena ndani. "Bibi, naona dawa imekwenda kibofuni. Nachelea tutaacha, na babu itabidi aishi na mpira wa mkojo."

Zuwena akaitazama picha, kisha akanitazama shingo. "Kibofu? Hilo tezi la shingo limefikaje huko chini?"

Hapo nikaingiwa na hofu kweli kweli. Mpira maisha yangu yote, kwa sababu ya haya! Nikafumba macho nikapiga ukelele: "Ni tezi dume, Zuwena! Na sikukojoa, daktari! Huo ni mkojo!"

Hospitali nzima ilisikia. Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe dawa ile kiasi chake hutoka na mkojo, na mkojo wangu ulikuwa umejaa tele. Akanitia mpira kwa muda, mkojo ukatoka wote, akapiga picha tena. Safari hii tezi peke yake ndiyo iliyowaka. Vishanga vikatiwa siku ile ile, na sasa nakwenda chooni kama watu.

Tulipofika nyumbani Unguja, Zuwena hakungoja hata kupumzika. Akaitoa ile chupa ya mafuta ya karafuu, akanikabidhi, akakaa akanipa mgongo.

"Haya, zamu ya shingo yangu," akasema. "Wiki mbili."

Nikamkanda, mwanangu, bila kukosa hata siku moja. Kwa hivyo nakwambia: maradhi yataje kwa jina lake lote, kwa daktari na kwa mkeo. Ukiulizwa kama umekojoa, sema kweli, hata anayekuuliza awe mtoto wa juzi. Mungu akupe afya, akupe mke mwenye subira, na ukisimama chooni uzeeni, akujaalie umalize mara moja.