Rilei ya Bi Rukia

Shule niliiacha mapema, lakini waya za gari nazijua kuliko jina langu. Juzi, kwenye gereji yangu hapa Bondeni, nilimfungia Athmani, mchuuzi wa samaki wa Liwatoni, taa mbili za ziada kwenye pikapu yake. Nilipomaliza nikazifunika kwa vitambaa vizito vyeusi, maana mafundi majirani zangu wana kijicho.

Jioni Athmani akaja, tukaketi garini. Nikabonyeza swichi. Rilei, kile kidude cha kupitishia umeme kwenye taa, ikalia ta, lakini ukuta wa mbele ukabaki giza. Nikafumua waya, nikafunga upya. Giza lile lile.

"Mzee wangu, kama imekushinda sema, niipeleke kwengine."

Inishinde mimi? Nikaenda duka la vipuri la Bi Rukia, nikamfokea mbele ya wateja kwamba ameniuzia rilei mbovu. Akanifuata hadi gereji, wateja nyuma yake. Akabonyeza swichi, rilei ikalia ta. Akazunguka mbele nilikosimama, akavivuta vile vitambaa.

Mwanga ukanipiga usoni.

"Haya, babu," akasema, "nikubadilishie rilei au macho?"